Malaria Imepona, Tabia Imebadilika

Mtoto akishikwa na degedege katika kijiji chochote cha kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, iwe ni Bamba, Marafa au Takaungu, jamaa hawakosi la kusema. Wapo watakaosema ni nyuni, wapo watakaosema ni pepo, na wapo watakaotaja jina la jirani. Mtoto akipelekwa hospitali, akatibiwa malaria na kurudi nyumbani kwa miguu yake, watu humshukuru Mungu na jambo huhesabiwa limekwisha. Muda unapita, kisha mwalimu anaanza kulalamika: hatulii, hasikii, anapiga wenzake, alichofundishwa jana leo hakijui. Hapo ugonjwa hautajwi tena. Mtoto anaitwa mtundu, mvivu, aliyedekezwa, na dawa yake inakuwa kiboko. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mara nyingi degedege ile na utundu huu ni habari moja yenye mwanzo na mwendelezo, na kwamba habari hiyo imechunguzwa kwa makini hapa hapa Kilifi kwa zaidi ya miaka thelathini. Anayetaka kujua jinsi mwili unavyoijenga tabia hana haja ya kwenda mbali na pwani hii.

Tuanze na kiungo chenyewe. Ubongo wa mtu mzima hauzidi sana kilo moja na nusu, na ndani yake mna seli za neva, yaani niuroni, zipatazo bilioni 86. Kila niuroni imezungukwa na utando unaotenganisha chumvi za ndani na za nje, hasa sodiamu na potasiamu, na tofauti hiyo huupa utando chaji ndogo ya umeme. Vijitundu vya protini vilivyomo katika utando vikifunguka, sodiamu huingia kwa ghafla, na mpwito wa umeme husafiri hadi ncha ya mkia wa seli. Huko mpwito humwaga kemikali katika mwanya mwembamba mno uitwao sinapsi. Kuna kemikali, kama glutameti, zinazoichochea seli ya pili, na kuna nyingine, kama ile iitwayo GABA, zinazoituliza. Kusikia jina lako ukageuka, kukumbuka ulikoacha daftari, kuuzuia mkono usimpige aliyekuudhi: yote hayo hutegemea mizani baina ya uchochezi na utulivu katika sinapsi zisizohesabika. Hata kujizuia, jambo tulilozoea kulihusisha na malezi peke yake, kunategemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ni katika sehemu za mwisho kabisa kukomaa. Inaendelea kujengwa hadi mtu apite miaka ishirini, na kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayeugua huugua wakati mjengo wenyewe ndio kwanza umeanza.

Katika degedege, na katika kifafa ambacho ni degedege inayojirudia, mizani hiyo huvunjika. Ubongo ulio salama ni kama soko la Malindi asubuhi, kila mchuuzi akizungumza na mteja wake. Wote wakipaza sauti moja kwa pigo moja, kelele ni kubwa lakini hakuna kinachouzwa wala kununuliwa. Umeme huo wa pamoja ukiishika sehemu inayoendesha misuli, mwili hutetemeka na mtu huanguka. Ukiishika sehemu ya pembeni, usawa wa sikio, mgonjwa anaweza kunusa harufu isiyokuwapo, kusikia sauti, kujawa hofu isiyo na sababu, au kukodoa macho tu bila kuitika. Kwa anayetazama, dalili hizi za pili hufanana kabisa na mtu aliyepandwa na kitu, na si ajabu kwamba ndivyo watu walivyozieleza kwa karne nyingi. Ilipofika mwaka 1929, daktari wa Kijerumani Hans Berger alichapisha michoro ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu, na tangu hapo vurugu ya aina hii inaweza kuonekana kwenye karatasi.

Malaria inaingiaje hapa? Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kikazaliana humo, na kupandisha protini zake juu ya uso wa chembe. Protini hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu. Kwa kimelea hiyo ni njia ya kujificha kisipitishwe kwenye wengu, ambako chembe zilizoharibika huchujwa. Kwa ubongo ni balaa: damu inapita kwa shida, oksijeni na sukari zinapungua mahali ambapo seli hazina akiba, kuta za mishipa zinavuja, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliopiga picha za ubongo za watoto wenye malaria ya ubongo walieleza mwaka 2015 kwamba kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipolazwa. Lakini wengi hupona. Mtoto aliyekuwa hajitambui Jumatatu anaweza kuwa ameketi anakunywa uji Alhamisi, na upesi huo wa kupona ndio unaotupumbaza, kwa sababu kuamka ni jambo moja na kurudi ulivyokuwa ni jambo lingine.

Ushahidi wa hilo umetoka Kilifi. Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza zilianzisha kituo cha utafiti katika hospitali ya Kilifi, na miongoni mwa walioanza kazi humo alikuwa daktari wa neva Charles Newton. Swali moja waliloliuliza lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: watoto waliolazwa hapa na malaria kali wakapona, wako wapi sasa, na wakoje? Waliwafuata wakiwa na umri wa kwenda shule, wakawalinganisha na watoto wa eneo lilo hilo ambao hawakuwahi kuugua hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba kifafa kilikuwapo kwa asilimia 2.2 ya watoto wasiowahi kuugua malaria kali, lakini kwa asilimia 9.2 ya waliopona malaria ya ubongo, na asilimia 11.5 ya waliokuwa na malaria yenye degedege kali. Tarakimu hii ya mwisho inastahili kutazamwa mara mbili. Wale ni watoto ambao wengi wao hawakufikia kuzimia kabisa. Walitetemeka kwa muda mrefu, au mara nyingi, au upande mmoja wa mwili. Familia nyingi huiona hali hiyo kuwa nafuu.

Mwaka uliofuata watafiti hao hao walieleza habari ya akili na mwenendo. Takriban asilimia 24 ya watoto waliopona aina hizo mbili za malaria walikuwa na angalau upungufu mmoja mkubwa, wa lugha, kumbukumbu, viungo, kusikia, kuona au tabia, dhidi ya asilimia 10 ya wenzao. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata watoto wa miaka 5 hadi 12 kwa miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, ukakuta kwamba mmoja kati ya kila wanne hivi alikuwa na kasoro ya utambuzi, hasa katika kushikilia makini, kasoro ambayo kwa watoto wa mitaa yao ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Mwaka 2010 ripoti nyingine ya Mulago ilieleza watoto waliorudishwa na wazazi baada ya ugonjwa huo kwa sababu wamekuwa wakali, hawatulii, hawaambiliki. Na huko Kilifi, watoto walio na kifafa walipochunguzwa, karibu nusu walikuwa na matatizo ya tabia, ilhali kwa wasio na kifafa ilikuwa kama robo.

Mtu makini atauliza: mlipimaje? Swali ni la haki, kwa sababu vipimo vingi vya akili vilitungwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani, na mtoto wa Ganze, huko huko Kilifi, asiyewahi kuona fumbo la vipande vya picha akishindwa kulipanga, kilichopimwa ni ugeni wake wala si ubongo wake. Wanasaikolojia waliofanya kazi Kilifi, wakiwamo Penny Holding na Amina Abubakar, walitumia miaka mingi kulitatua jambo hili. Kutokana na juhudi hizo kilipatikana kipimo cha makuzi ya watoto wadogo chenye jina la Kilifi, kilichoelezwa mwaka 2008, kinachotazama jinsi mtoto anavyotembea, anavyoruka, anavyoshika na kupanga vitu, kwa vifaa na shughuli ambazo mtoto wa huko anazijua. Kazi kama hii haitajwi sana magazetini, lakini bila hiyo takwimu za akili na mwenendo kama nilizozitaja hapo juu zisingekuwa na uzito.

Pingamizi kubwa zaidi ni la umaskini. Malaria kali huwapata zaidi watoto wa nyumba zisizo na chandarua, zilizo mbali na hospitali, zenye chakula haba, na umaskini peke yake unatosha kumdhoofisha mtoto darasani. Pengine basi malaria inasingiziwa. Naliheshimu pingamizi hili, na sehemu yake ni kweli: njaa na kukosa vitabu vina mkono wao, na hakuna anayebisha. Lakini halitoshi kueleza yote, kwa sababu watoto waliolinganishwa walitoka eneo moja na maisha yao yalikaribiana. Isitoshe, malaria ilipopungua Kilifi, tuliona kilichofuata. Kati ya 1993 na 1995 vyandarua vilivyotiwa dawa viligawanywa kwa kura kwa baadhi ya maeneo ya Kilifi, na mahali vilipogawanywa watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano kwa asilimia 33. Baadaye, watoto waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka zaidi ya 18 kwa kila 1,000 mwaka 2003 hadi wasiofika 4 mwaka 2007. Katika miaka hiyo hiyo, watoto walioletwa hospitalini na degedege nao walipungua sana. Umaskini wa maeneo ya Kilifi kama Ganze na Magarini haukuondoka kwa kasi hiyo. Kilichopungua ni kimelea.

Kuna ushahidi wa aina nyingine, na huu uko katika damu tunayozaliwa nayo. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii mwaka 1949. Aligundua kwamba jeni ya selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ilibebwa na zaidi ya asilimia 20 ya watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, lakini chini ya asilimia 1 katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha sababu: mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga dhidi ya malaria. Mabadiliko yenyewe ni madogo kupita kiasi, herufi moja tu katika maandishi ya jeni inayotengeneza himoglobini, na kiungo kimoja cha protini kinabadilika. Utafiti wa Kilifi ulioongozwa na Thomas Williams na wengineo umeonyesha kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Aliyerithi nakala mbili, kwa upande mwingine, anaugua selimundu yenyewe, na mojawapo ya madhara yake ni kiharusi utotoni, yaani kuumizwa kwa ubongo kwa njia nyingine.

Naikawilia jeni hii kwa sababu inatufundisha namna jeni zinavyohusika na tabia vizuri zaidi kuliko hadithi za kwamba ipo jeni ya ukali au jeni ya uvivu. Himoglobini haijui lolote kuhusu darasa. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Lakini herufi moja ndani yake inaweza kuamua kama kimelea kitastawi, kama mishipa ya ubongo itaziba, kama mtoto atapata degedege, na miaka sita baadaye kama ataweza kukaa akasikiliza hesabu ya kutoa. Njia kutoka jeni hadi mwenendo ni ndefu, inapita kwa mbu, chandarua, umbali wa zahanati na bahati. Zipo pia jeni zinazogusa niuroni moja kwa moja, kama ile iitwayo SCN1A inayotengeneza mojawapo ya vijitundu vya kupitishia sodiamu. Ikiharibika, mtoto anaweza kupata kifafa kikali tangu mwaka wake wa kwanza. Uchunguzi wa kifafa Kilifi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kuwa na ndugu mwenye degedege au kifafa kunaongeza hatari, na vilevile matatizo wakati wa kuzaliwa. Lakini ndugu hurithishana mengi zaidi ya jeni: nyumba moja, mbu wale wale, mkunga yule yule. Anayekimbilia kusema ukoo fulani una laana ya kifafa amechukua nusu ya ushahidi na kuitumia vibaya.

Hapo ndipo tunapokutana na mganga. Watu husema, na husema kwa yakini: tulimpeleka kwa mganga, akafukizwa, na degedege ikaisha. Siwatuhumu kwa uongo. Walichokiona walikiona. Ila degedege inayoletwa na homa kwa kawaida hukoma yenyewe ndani ya dakika chache, na watoto wengi huachana nayo wakifika umri wa miaka sita hivi. Kwa hiyo chochote kitakachofanywa wakati ule, ubani, kombe au hirizi, kitaonekana kimeponya. Kifafa nacho huja na kuondoka. Kinaweza kunyamaza miezi mitatu, na katika miezi hiyo mitatu sifa zote huenda kwa aliyefanya tiba ya mwisho. Wengine hukataa maelezo ya ubongo kwa kuyaona ni ya kizungu au ni ya kuipinga dini. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye kitabu chake cha tiba kilisomwa katika nchi za Kiislamu kwa karne nyingi, alikieleza kifafa kuwa ugonjwa wa ubongo, na hakuna aliyemtoa katika dini kwa hilo. Mtu anaweza kuamini kuwa Mungu ndiye mponyaji na bado akakubali kwamba kilichoumia ni niuroni. Kutokukubali kuna gharama yake. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kila ugonjwa unaokosa maelezo ni nafasi nyingine ya kumtafuta wa kulaumiwa.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa walimu na viongozi wa dini, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Tukisema tabia ni umeme na kemikali, je, hatumwondolei mtoto wajibu wake, na kumwambia mzazi aache kulea? Takwimu zenyewe zinajibu. Ikiwa asilimia 24 ya waliopona malaria kali wana upungufu, basi 76 hawana. Jeraha huongeza uwezekano. Halimwandikii mtu maisha yake. Tena ubongo ule ule unaoumizwa na kimelea hujengwa na mafunzo. Eric Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kuonyesha, kupitia konokono wa baharini, kwamba kujifunza hubadilisha sinapsi, na kwamba kumbukumbu ya kudumu huhitaji jeni kuamshwa ndani ya niuroni. Malezi basi hufanya kazi kwa kupitia ubongo, na mzazi hana mlango mwingine wa kuingilia. Ninachokipinga ni kumpiga mtoto kwa jambo asiloliweza. Mtoto asiyeshika maagizo matatu kwa pamoja apewe moja, akilimaliza apewe la pili. Asiyesikia vizuri aketi mbele. Huko si kumdekeza, na mwalimu aliyejua historia ya ugonjwa wake atajua pa kuanzia.

Wenye kifafa wana haja iliyo ya haraka zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uligundua kwamba zaidi ya sita kati ya kila kumi ya watu wenye kifafa cha kuanguka Kilifi hawakuwa wakipata dawa inavyopasa. Waliokosa walikuwa zaidi wale wanaoishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, wanaolipia dawa, wanaoamini tiba za jadi, na wale ambao wenyewe wana shida ya kujifunza. Huku, kuanguka ni hatari ya kweli: mtu huangukia jiko la mafiga matatu, au kisimani, au baharini akivua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1912, ni katika dawa za bei nafuu zaidi zilizopo, na hufanya kazi kwa kuipa GABA nguvu ya kutuliza. Lazima niseme pia kwamba kwa baadhi ya watoto dawa hii huleta kutotulia na hasira. Mzazi akiliona hilo arudi kwa daktari dawa ibadilishwe, asiiache ghafla, maana kuiacha ghafla huweza kuleta degedege isiyokoma.

Kwa upande wa kuizuia malaria yenyewe, watoto wa Kilifi walishiriki katika majaribio ya chanjo zote mbili za malaria, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na R21 iliyofuata mwaka 2023. Faida ya chanjo hizo huhesabiwa kwa wagonjwa waliopungua, vitanda vilivyobaki tupu na vifo vilivyozuiwa, na ni hesabu nzuri ambayo pwani hii inastahili kujivunia. Haimhesabu mtoto ambaye angepona malaria lakini akafukuzwa shule akiwa darasa la tatu kwa kosa la kutosikia. Ili ahesabiwe, kadi ya kuruhusiwa kutoka wodini, Kilifi na Malindi na kila hospitali inayolaza watoto wenye malaria kali, ingehitaji mstari mmoja wa nyongeza: tarehe ya kurudi baada ya miezi sita kupimwa masikio, macho, usemi, kumbukumbu na utulivu, na nakala ya majibu iende kwa mwalimu wake.